Nguo Iliyopokewa Mlangoni

Ng'ambo, Tabora
3 Agosti 1975

Kwa mjukuu wangu Twalibu,

Marahaba. Naiitikia shikamoo yako ingawa imefika imechoka, imepigwa mihuri kama gunia la tumbaku. Sisi hatujambo. Mvua bado, vumbi lipo, mbuzi wa Jilala, balozi wetu wa nyumba kumi, anaendelea kutafuna nguo zangu kwenye kamba, na balozi anaendelea kuapa kwamba si mbuzi wake.

Kwanza tazama mwandiko. Umeutazama? Huo ni mkono wangu. Sikumwita mtoto wa shule aniandikie halafu akatangaze habari za nyumba yangu bombani. Huu mwaka wa pili nakwenda kisomoni. Mwalimu wetu Benedikta ni binti mdogo, ana sauti kama filimbi ya gadi wa treni, lakini anafundisha. Tumepewa vyeti. Wenzangu mpaka leo wakiitwa ofisini wanashikwa mkono kama watoto, wanapakwa wino kwenye dole gumba. Mimi nachukua kalamu naandika Mwanne binti Shomari, karani anabaki kunikodolea. Dole gumba langu halitaona wino tena mpaka naingia kaburini.

Sasa hayo yako. Unasema kuna kampuni ya Wamarekani, watu wanakimbia kwa malipo, wanazunguka mji hadi mji kama ngoma ya arusi, na wanakutaka wewe. Unaniuliza nasemaje. We mtoto, nimekulea tangu hujaota jino, hujawahi kuniuliza nasemaje ila kwa jambo ulilokwisha kulifanya.

Haya, nasema. Miguu hiyo niliianzisha mimi. Babu yako alipolazwa Kitete nilikuwa nakutia mkononi uji wa moto, nakwambia ukifika umepoa, fimbo. Uji ulikuwa unafika unafuka moshi. Watu wa shule walikuja baadaye kukupa kikombe. Kikombe kipo kabatini, hakijawahi kutiwa chai. Baba yangu Shomari alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, na hakutembea bure. Akirudi, anarudi na nguo na chumvi. Kwa hiyo usinifundishe kwamba kulipwa kwa miguu ni aibu. Katika nyumba hii ndiyo kazi ya kwanza tuliyoijua.

Lakini Serikali imekupeleka huko ukasomee tumbaku. Urambo wanamngoja bwana shamba wao. Na mimi nangoja, sijifichi. Mwanamume akitaka safari husema kwa kinywa chake, nataka, au sitaki. Usinichungulie uso upate la kusema. Uso wangu uko mbali.

Ni mimi bibi yako,
Mwanne binti Shomari
(Nimesaini mwenyewe.)


Nebraska, Marekani
28 Agosti 1975

Kwa mke wangu Bi Mwanne,

Shikamoo bibi. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Hongera ya cheti. Mume mwenye mke msomi inabidi aandike vizuri, kwa hiyo samahani kwa herufi zangu, hapa tunaandika mbio mbio.

Kuna jambo sikukueleza sawasawa. Sisi tunaokimbilia chuo na taifa tunaitwa wakimbiaji wa ridhaa. Malipo yetu ni kikombe na makofi. Ukishapokea malipo hata mara moja, umekuwa mkimbiaji wa kulipwa, na huruhusiwi tena kukimbia na wa ridhaa maisha yako yote. Hakuna kurudi. Mwakani kuna Michezo ya Olimpiki kule Montreal, Kanada. Wakubwa wa riadha nyumbani wameandika kwamba jina langu linatazamwa. Nikienda na kampuni, fulana ya Tanzania sitaivaa tena.

Nao wa kampuni wanakimbia ndani ya majumba makubwa yenye paa. Watu wamekaa wanakula bisi. Kuna taa ndogo pembeni zinakimbia mbele yako uzifukuze. Utacheka bibi, lakini nilipoziona moyo wangu ulienda mbio kuliko miguu. Wanataka jibu kabla ya mwaka kwisha. Vitabu vya tumbaku navisoma, mwezi wa sita nitamaliza inshallah.

Mwezi ujao au ule mwingine huenda mgeni akapita Tabora. Akifika mlangoni kwako, mpokee unavyojua wewe kuwapokea watu wa aina hiyo.

Nisalimie Bi Maua, mwambie nimeota maandazi yake.

Mjukuu wako na mume wako,
Twalibu


Ng'ambo, Tabora
19 Oktoba 1975

Twalibu,

Mgeni wako amefika. Hukusema kwamba ni mwenye kampuni mwenyewe.

Jina lake Bwana Wilisi. Mrefu huyo, kichwa kilifika mlangoni kwanza, miguu ikafuata. Alikuja na Nanji wa duka la vitambaa awe mkalimani. Nanji akaanza, "Bibi, huyu bwana anamtaka Twalibu."

Nikasema, "Anamtaka nini, kumwoa?"

Nanji akaona haya kutafsiri. Mzungu akauliza bibi kasema nini, Nanji akasema bibi anakukaribisha.

Nilikuwa nimeshika ufagio, na ufagio nilikuwa na kazi nao. Halafu nikaona anachobeba. Gora zima la marekani nyeupe, nguo ambayo mji huu hatujaiona tangu maduka yalipobaki na viberiti na chumvi. Hakuingia. Alisimama nje ya kizingiti, akalinyanyua kwa mikono miwili. Nikamuuliza Nanji, "Ni wewe umemfundisha?" Akanijibu, "Bibi, babu yangu aliwauzia nguo matajiri wa misafara, hapa hapa. Kabla hajaagiza gora hili Dar es Salaam, bwana huyu kaniuliza kikongwe wa ukoo wa wapagazi anapelekewa nini. Ningemwambia nini, sabuni?"

Wewe desturi hii hujaiona, reli ilishakuja. Zamani mwenye msafara hakufika mlangoni kwa mtu ila mpagazi mwenyewe ameshakubali kwa kinywa chake huko barazani. Hapo ndipo anakuja na nguo. Mwanamke mkubwa wa nyumba anaipokea kizingitini, anang'ata pindo, anachana ukanda. Ukanda anafungwa mpagazi kifundoni, nguo inabaki nyumbani. Hiyo nguo ndiyo neno lake. Akitaka kujitoa, nguo irudi nzima na ukanda wake kabla barugumu la kuondokea halijapigwa. Nilikuwa mdogo, nimeshika nguo ya bibi yangu siku alipompokelea baba. Meno yake yalilia kwenye ile nguo, mpaka leo nayasikia.

Basi nikajua umekubali. Ningefanya nini, nikutie aibu mbele ya mtu uliyekwisha kumpa neno? Niliweka ufagio chini, nikapokea. Meno yangu yamebaki machache lakini pindo lilichanika. Mzungu akatoa kamera akanipiga picha nimekumbatia gora. Kama kuna mtu atakuandikia kwamba nililia, ni mwongo. Lilikuwa vumbi.

Ukanda huo umo ndani ya bahasha. Ufunge. Na usiutupe njiani. Wapagazi waliotupa mizigo kule nyika kavu ya Mgunda Mkali, majina yao walipewa mbwa.

Ila ungeniandikia, bibi nimekubali. Kalamu ingekuvunja mkono?

Mwanne binti Shomari


Nebraska
12 Novemba 1975

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimefungua bahasha, ukanda ukaangukia mezani. Bibi, umefanya nini? Mimi sijakubali! Sijamwambia Wilisi ndiyo.

Picha yako imetoka kwenye gazeti la hapa. Imeandikwa chini yake kwamba familia ya mkimbiaji Mtanzania imepokea zawadi ya kampuni. Sheria inasema akipokea mtu wa nyumbani kwako kwa ajili yako, umepokea wewe. Hilo sikukwambia, sikudhani litakuwapo. Gazeti limefika kwa wakubwa wa riadha nyumbani, nao wameniandikia barua kali. Wanataka maelezo, la sivyo jina langu linafutwa.

Kuna njia moja. Mrudishie Nanji gora lile, amrudishie mwenyewe. Halafu niandikie karatasi ya kuwaonyesha. Useme wewe ni bibi kizee, hukusoma, hujui mambo ya riadha, mgeni alikuja mwenyewe hakutumwa na mtu, ukapokea nguo kwa kutojua. Ni maneno tu bibi. Wakiiona watasamehe, mmoja wao amenidokeza.

Tafadhali fanya haraka. Montreal iko karibu.

Twalibu


Ng'ambo, Tabora
9 Desemba 1975

Twalibu,

Umesahau kuuliza kama watu ni wazima au la. Umesahau kuniita mke wako. Naona mtu akishikwa na moto hukumbuka maji tu.

Maua amefariki. Rafiki yangu, mlangoni kwangu na mlangoni kwake, tangu tulipokuwa tunachota maji pamoja. Aliugua kidogo, akapelekwa Kitete, akarudi amefunikwa. Na mji hauna nguo nyeupe. Nanji kapekua mpaka nyuma ya duka, hana. Wanawe walizunguka, mmoja kapanda lori mpaka Igunga, karudi mikono mitupu. Watu wakaanza kunong'ona kwamba azikwe kwa mashuka. Maua! Aliyekuwa anafua mpaka kamba ya kuanikia!

Nikaenda ndani nikalitoa gora. Nililiweka liwe sanda yangu, ndiyo, kwa nini nisiseme, mtu wa umri wangu anaweka. Tukamkata Maua sanda yake, vipande vyote, bila kubania. Kwa hiyo nguo unayotaka niirudishe nzima iko chini ya ardhi, imemstiri mwenzangu. Nenda ukamwombe akupe.

Sasa nikuulize mimi, na unijibu. Wilisi alifikaje mlangoni kwangu? Nanji hakumleta. Nanji aliniapia kwamba mzungu ndiye aliyemleta yeye. Alikuwa na karatasi mkononi. Niliiona, wala sikuhitaji kusomewa, nasoma siku hizi. Imeandikwa Bi Mwanne binti Shomari, Ng'ambo, nyumba ya mlango wa buluu, jirani na msikiti. Ile herufi ta yako yenye mkia kama panya naijua, naiona katika kila barua yako.

Wewe unataka niandike kwamba mgeni alikuja mwenyewe. Na kwamba mimi ni mjinga. Sikupokea kwa kutojua. Nilijua ninachofanya kuliko yeyote aliyesimama pale. Nilidhani na wewe unajua unachofanya.

Nakuuliza, ulikubali au hukukubali? Kama hukukubali, kwa nini ulimwonyesha mtu mlango wangu?

Mwanne binti Shomari


Nebraska
4 Januari 1976

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Inna lillahi kwa Bi Maua. Nimekaa chumbani, theluji iko nje hadi dirishani, nikalia peke yangu kwa ajili yake, na wenzangu wakadhani nimefeli mtihani.

Karatasi ile ya Wilisi niliiandika mimi. Sina pa kukimbilia kwenye hilo.

Wilisi alikuwa ananijia kila wiki. Kila alipokuja nilishindwa kusema ndiyo, nikashindwa kusema hapana. Siku moja nikamwambia, kwetu mambo kama haya huamuliwa na bibi, nenda kamwombe bibi yangu. Sikuamini kwamba atasafiri. Aliposema amepata tiketi nikafurahi, bibi, niseme kweli. Nilikumbuka yule wakala wa vyerehani uliyemmwagia maji ya dagaa. Nikasema Wilisi atakwenda, atafukuzwa na ufagio hadi kituo cha treni, basi, jambo litakuwa limekwisha. Ningesema bibi kakataa. Hakuna wa kunilaumu, hata mimi mwenyewe nisingejilaumu.

Sikujua kwamba ukimwona mtu na nguo utadhani nimeshakubali. Nilikutumia wewe useme hapana, na wewe ukasema ndiyo ukidhani unaisema kwa ajili yangu.

Hayo ndiyo yaliyopo. Najua nimekukosea. Lakini karatasi bado naiomba, bibi. Uteuzi uko karibu. Vijana wa rika langu wote wanaota fulana ile. Niandikie, halafu ukinichapa nitakuja kuchapwa.

Twalibu


Ng'ambo, Tabora
30 Januari 1976

Twalibu,

Karatasi yako hii hapa, imo ndani. Mwalimu Benedikta ndiye aliyeiandika, nimemwambia maneno yako yote kama ulivyoyapanga. Aliweka kalamu chini katikati, akasema, "Bibi, mimi siandiki hivi juu ya mwanafunzi wangu." Nikamwambia andika, hukuajiriwa kuchagua.

Akanipa nisaini. Nikakataa. Nilimtuma kwa balozi Jilala akaazime kidau cha wino. Mwanamke wa kwenye karatasi hiyo hajui kuandika, sasa atasainije?

Sina jingine.

Mwanne binti Shomari

*Mimi Mwanne binti Shomari wa Tabora ni mwanamke mzee nisiyesoma. Sijui mambo ya riadha wala sheria zake. Mzungu alikuja kwangu mwenyewe, hakutumwa na mjukuu wangu. Alinipa nguo nikapokea kwa ujinga wangu bila kujua maana yake. Mjukuu wangu hana kosa.*

*Alama ya dole gumba la Mwanne binti Shomari.*


Nebraska
1 Machi 1976

Bibi yangu,

Shikamoo.

Karatasi imefika. Niliifungua nje, nimetoka mazoezini, nikiwa na haraka niitie kwenye bahasha nyingine iende Dar es Salaam. Nikaona lile dole. Jeusi, limebonyezwa kwa nguvu mpaka wino umevuka pembeni. Nilipokuwa mtoto dole hilo ndilo lililokuwa linapima uji kama umepoa.

Sikuipeleka. Nimewaandikia wakubwa wa riadha barua nyingine. Nimesema bibi yangu anasoma na kuandika, na alijua alichopokea, na aliyemtuma mgeni ni mimi Twalibu. Wamejibu haraka kuliko walivyowahi kujibu. Jina langu limefutwa.

Lakini usidhani nimesukumwa. Karatasi nilikuwa nayo mkononi, ningeituma ningekuwa salama, na Montreal ningeitazama kwa macho yangu. Niliposhika dole lile nikajiuliza swali lako, ulikubali au hukukubali. Bibi, nilikuwa nimekubali tangu siku ya kwanza nilipoziona zile taa. Nilikuwa nataka. Niliogopa kukwambia kwa sababu uliandika Urambo wanangoja, na wewe unangoja. Nikataka mtu mwingine aseme.

Sasa nasema mimi. Nataka. Juzi nimesaini na kampuni, walikuwa bado wananingoja. Shahada ya tumbaku nitaimaliza, na deni langu kwa nchi nalijua, lakini mwezi wa sita sitarudi. Nitakuwa njiani na kampuni mji hadi mji. Nchi itanipachika majina, nimejiandaa.

Ukanda nimeufunga kifundoni, mguu wa kushoto. Kama kwenu ni wa kulia, niambie.

Karatasi ya dole nimeichoma. Nimeona ni vizuri ujue kwamba haipo.

Mjukuu wako,
Twalibu


Chicago, Marekani
20 Mei 1976

Bibi,

Shikamoo. Hujanijibu. Nimemwandikia mwalimu Benedikta, kasema u mzima na umemkataza kuniambia zaidi.

Tumekimbia mji huu jana. Ukumbi haukujaa. Nilikuwa wa pili. Harufu ya bisi imeingia kwenye nguo zangu haitoki. Kuna mwenzangu hapa alikuwa bingwa wa kwao, sasa katika kutambulishwa wanamwambia apungie watu mkono kwanza. Ananiambia miaka miwili tu utazoea. Nikishika nafasi ya mbele na taa zile ziko pembeni yangu, ninafurahi, bibi. Nikimaliza, sijui niende nikamwambie nani.

Ukanda umegeuka rangi. Jasho.

Niandikie hata kunitukana.

Twalibu


Ng'ambo, Tabora
8 Agosti 1976

Twalibu,

Marahaba zote ulizozikosa, zichukue hapa kwa pamoja.

Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ya mtu mzima haipandi treni ya kwanza. Na acha kumpeleleza Benedikta. Binti wa watu ana kazi, na nilimtia aibu ya kutosha siku ile. Nilimpelekea jogoo. Akakataa, nikamwachia mlangoni.

Mambo yamekuwa mengi hapa. Ulipofutwa jina, balozi Jilala alipita nyumba kumi zake zote anasema mjukuu wa Mwanne kawa bepari, kauza miguu ya taifa. Akasimama kwenye mkutano akasema mimi ni bibi wa bepari. Nikanyanyuka. Nikasema, "Ndugu balozi, mbuzi wako amekula kanga yangu ya pili mwaka huu. Kati ya mimi na wewe mnyonyaji ni nani?" Watu wakacheka mpaka mkutano ukavunjika. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka.

Sasa redio imesema timu yetu haikwenda huko Montreal. Serikali imekataa, kwa sababu ya Makaburu na wale wanaocheza nao. Ni sawa, Makaburu hawafai. Jilala kaja hadi barazani, sauti imepungua, anasema, "Bi Mwanne, kumbe hata angebaki asingekimbia." Alidhani nitafurahi. Nikamfukuza. Vijana wale nao wana bibi zao. Nao walikimbizwa na uji.

Nilikuwa nimekupakia chokaa chumba chako. Mwaka jana mwezi wa tisa, kabla ya Wilisi. Sikukuandikia, ungesema nakushika mguu. Nikapokea nguo nimeacha ndoo ya chokaa uani. Basi ujue. Ulikuwa unaniogopa mimi, na mimi nilikuwa naogopa kukutia aibu, na gora likapita katikati yetu kama treni isiyosimama.

Sikukasirika kwa kuwa umekubali. Baba yangu alikubali kila mwaka, na mama hakumnunia. Nilikasirika kwa kuwa ulinifanya nichane nguo ya safari ambayo mwenye safari hajaitamka. Hilo halijatokea katika nyumba hii. Sasa umetamka. Umechelewa, lakini nimesikia. Mguu ni wa kulia. Hamisha.

Hao wanaowaambia mpunge mkono, punga, ni kazi yao hiyo. Lakini ukimaliza kukimbia na hujui ukamwambie nani, kaa chini uniandikie mimi. Nitasoma mwenyewe. Usiku siku hizi macho yanavuta machozi, nasoma asubuhi.

Urambo usiniahidi. Mtu aliye njiani haahidi, akifika amefika.

Jambo moja ndilo nakuagiza. Maua kaondoka na gora langu, kilichobaki nimekipima, hakinifikii miguu. Mjini bado hakuna. Huko uliko ndiko zilikotoka nguo hizo, hata jina lake ni la huko. Nitafutie nyeupe, nzito, isiyo na maua wala maandishi. Usichane hata kidogo, hiyo si ya safari yako.

Na uilete mwenyewe, kwa mikono yako miwili, hapa kwenye kizingiti. Usimtume mtu.

Ni mimi bibi yako na mke wako,
Mwanne binti Shomari